Kibla cha Itebero

Burungu, tarehe 6 Januari 1952

Mwalimu Feruzi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nimefika nyumbani. Naliandika hilo kwanza kwa sababu siku ya kuagana ulisema mtu wa milimani akitoka msituni hupotea kama mbuzi aliyekata kamba. Nilicheka, lakini njiani nilikumbuka. Nimetembea siku nane. Faustin, mchukuzi wa mawese, ndiye aliyenionyesha njia mpaka Masisi, na ndiye atakayekuletea barua hii.

Mama yangu Dancille alinipokea kwa machozi, kisha kwa maswali. Miaka minne niliyokuwa kwenye kazi ya barabara huko kwenu, alikwisha kunililia mara mbili kama maiti. Nimemweleza yote: homa iliyoniangusha, jinsi ulivyonibeba mpaka nyumbani kwako, jinsi binti yako Faida alivyoninywesha uji, na jinsi nilivyoanza kukaa nyuma ya wanafunzi wako na ubao wangu, mtu mwenye ndevu kati ya watoto, nikijifunza alifu na be. Nimemwambia pia kwamba sasa naitwa Yusufu. Hapo aliweka mwiko chini. Baba yake ndiye aliyejenga kanisa la kwanza la nyasi juu ya kilima hiki. Kisha akauliza: "Huyu mwalimu alikutendeaka muzuri?" Nikasema ndiyo. "Basi Mungu iko namujua. Kula kwanza, viazi inapoa."

Sasa nina shida moja. Huko kwako nilisali nikifuata wengine, na ulinifundisha kwamba kibla ni kule mto unakoteremkia. Hapa niko juu ya kilima. Nikitazama chini naona vijito vitatu, na kila kimoja kimeshika njia yake kama watoto wa baba mlevi. Nifuate kipi? Siku ya kwanza nilisali adhuhuri nikifuata cha kushoto, alasiri nikafuata cha kulia, na magharibi niliona aibu nikafumba macho.

Mwanafunzi wako,
Munyakazi Yusufu


Itebero, 2 Februari 1952

Munyakazi,

Waalaikum salaam. Barua yako imefika ikinuka mawese. Nimewasomea wanafunzi, wamecheka sana habari ya kufumba macho, na mimi nimewakaripia kisha nikaenda kucheka nyuma ya nyumba.

Kuhusu kibla. Marehemu mwalimu wangu, Mwalimu Sudi, alinifundisha tulipokuwa Kasongo, nikiwa mtoto: simama ukielekea mto unakoteremkia. Kwa neno hilo alichimba shimo la nguzo ya kwanza ya msikiti huu tulipofika Itebero, mwaka mmoja kabla ya vita ya kwanza ya Wazungu. Kwa neno hilo nimewazika wazazi wa hawa ninaowafundisha leo, na mke wangu pia. Mto wetu unateremka kuelekea jua linakotua. Basi kama huko kwenu hakuna mto wenye akili, elekea machweo. Hayo yanatosha. Mambo mengine mtu akiyachimbua sana huchimbua na mizizi.

Endelea na ubao. Chemsha wino wa masizi ya sufuria kama nilivyokuonyesha, wino wa dukani hauoshiki. Na usiuoshe ubao kabla hujaweza kuusoma bila kuutazama. Hapo ndipo pa kufumba macho.

Mheshimu mama yako. Akienda kanisani, mbebee kiti chake mpaka mlangoni.

Feruzi bin Mulamba


Burungu, 2 Machi 1952

Mwalimu wangu,

Assalamu alaikum. Nimeona jambo la kutisha.

Nimepata kazi kwenye shamba la pareto. Mzungu wa shamba hukausha yale maua na kuyapeleka Goma kwa lori, na juzi nilipanda juu ya magunia kwenda kusaidia kupakua. Ilikuwa Ijumaa. Nikauliza kama Goma kuna Waislamu, nikaelekezwa kwa fundi Masudi, mshonaji, mtu wa Ujiji, ambaye ua wa nyumba yake ndio msikiti wao. Nilifurahi mno, Mwalimu. Tangu nitoke kwako sijasali nyuma ya mtu. Nilitawadha haraka, nikaingia kwenye mstari, nikainua uso.

Mbele yetu, juu ya paa la jirani, ulikuwa umesimama mlima wa Nyiragongo wote mzima, ukitoa moshi. Watu wote wa ua ule walikuwa wameuelekea. Wakainama. Wakasujudu.

Wewe ni mtu wa msituni, huenda hujui mlima huo. Mabibi zetu walisema wafu hukaa ndani yake, na wabaya huungua humo. Mama yangu ni Mkristo wa kubatizwa, lakini akiutaja hupunguza sauti. Nami nimeacha mengi, sikuyaacha ili nikapige paji la uso mbele ya moto! Nilitoka mstarini, nikaenda pembeni, nikasali peke yangu kuelekea machweo kama ulivyoniandikia. Mmoja akaniuliza baadaye: "Wewe, juu ya nini unatupatia mbavu?" Nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie: "Mimi siombake moto. Mwalimu yangu alinifundishaka muzuri." Nikavaa viatu nikaondoka.

Niambie kama nilifanya vyema. Moyo wangu unasema ndiyo, lakini usingizi unakataa.

Munyakazi Yusufu


Itebero, 21 Machi 1952

Munyakazi,

Waalaikum salaam.

Hukufanya vyema. Sikukufundisha kumkimbia Mwislamu akiwa kwenye sala, wala kumpigia kelele ndani ya ua wake. Haraka haraka haina baraka, nawe umekuwa na haraka tangu ulipojifunza be kabla hujamaliza alifu.

Rudi Goma. Muombe radhi huyo fundi. Kisha muulize, kwa adabu, kwa nini wanaelekea huko. Usikilize mpaka mwisho, hata ukisikia lisilokupendeza. Halafu niandikie mimi peke yangu. Sikuwasomea wanafunzi barua hii yako, na ijayo sitawasomea.

Magoti yananiuma msimu huu. Faida anakusalimu.

Feruzi bin Mulamba


Burungu, 20 Aprili 1952

Mwalimu wangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Ninaandika barua hii mara ya nne. Tatu za kwanza nimezitia motoni, na mama ameuliza kama karatasi siku hizi ni kuni.

Lori halikwenda mpaka baada ya Pasaka. Ijumaa iliyopita nilifika kwa fundi Masudi. Nilimkuta kwenye cherehani, nikapiga magoti, nikaomba radhi. Alicheka mpaka akavua miwani. "Kijana," akasema, "sisi hatuusujudii mlima. Mlima ndio umetukalia njiani."

Akafungua kopo lake la sindano, akatoa kitu kidogo cha duara kama kifungo cha koti, chenye kioo juu. Ndani mlikuwa na sindano nyembamba inayotetemeka. Anakiita dira. Aliniwekea kiganjani akaniambia nikizungushe. Nikazungusha mkono huku, sindano ikarudi. Nikazungusha kule, ikarudi. Niligeuka mwili mzima, nikaupa mlima mgongo, na sindano ikapita chini ya kidole changu ikaenda kuutazama mlima, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Akasema: huko ni kaskazini. Ukipinda kidogo mkono wa kuume, hapo ndipo Makka ilipo.

Kisha alitandaza kitambaa cheusi mezani, akaweka kifungo cheupe katikati, ndiyo Makka, akachukua chaki ya kukatia nguo. Akachora mstari kutoka kwetu, ukapanda mpaka kwenye kifungo. Akachora wa watu wa Misri, ukashuka. Wa watu wa Bara Hindi ukatoka upande wa jua kuchomoza, na wa watu wa mbali wa magharibi ukatoka machweo. Kitambaa kikajaa mistari pande zote, yote ikiingia kwenye kifungo kimoja. Nikamuuliza: basi kuna Waislamu wanaosali wakielekea kusini? Akasema wapo wengi. Nikasema: yaani wanatuelekea sisi? Akasema ndiyo.

Nilikaa chini. Nilikuwa nikifikiri sala ni kamba inayotoka kwangu kwenda mbali, na mwisho wake hakuna mtu. Kumbe upande wa pili wa Nyumba ile ya Makka yuko mtu nisiyemjua, hajui Burungu, hajui pareto, na anapoinama ananiinamia mimi, nami ninamwinamia yeye, na kati yetu iko Nyumba ya Mungu. Tangu siku hiyo natembea kama mtu aliyeambiwa siri kubwa kuliko kichwa chake.

Ningependa kuishia hapo. Lakini uliniambia nisikilize mpaka mwisho.

Nilimuuliza: na mtu akiwa Itebero? Akajibu, vilevile kama hapa, Makka haihami kwa sababu mtu amevuka mto. Nikamuuliza kama anaujua mto Lualaba pale Kasongo. Anaujua, amewahi kukaa huko. Nikauliza unateremka kwenda wapi. Akasema: kaskazini.

Mwalimu, unaona nilichokiona. Neno la Mwalimu Sudi lilikuwa kweli kule Kasongo. Lilipofika Itebero, mto ulikuwa mwingine.

Sijamwambia mtu, hata fundi Masudi. Sikio halipiti kichwa, na mimi kwako ni sikio tu. Kama nimekosa adabu, nifukuze, lakini nifukuze kwa barua ndefu.

Munyakazi Yusufu


Itebero, 9 Mei 1952

Kaka Munyakazi,

Ni mimi Faida binti Feruzi ninayeandika, na baba hajui.

Uliandika nini? Tangu Faustin alete barua yako, baba hasomeshi. Amewaambia watoto waende wakasaidie mashambani. Anasalisha, kwa kuwa hakuna mwingine, lakini akimaliza haongei na mtu. Kila alasiri huenda makaburini, hukaa kati ya kaburi la mama na kaburi la Mwalimu Sudi mpaka giza linamfukuza. Juzi nilimfuata, nikasikia akisema peke yake: "Munisamehe." Kwa nini baba yangu awaombe maiti radhi?

Watu wamejua kwamba ni barua yako. Wengine wanasema umerudi kwenye dini ya mama yako ndiyo maana moyo wake umevunjika. Mimi nimewakatalia. Lakini mimi ndiye niliyekupa uji kwa kijiko siku kumi na moja, na kama umemdhuru baba yangu kwa kalamu aliyokufundisha yeye, heri ule uji ningewapa kuku.

Ikiwa ni neno baya, usiandike tena. Ikiwa ni neno la kweli, muandikie upesi, maana hali chakula vizuri na Ramadhani inakaribia.

Faida


Itebero, 18 Mei 1952

Munyakazi, mwanangu,

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Umeomba barua ndefu. Hii hapa, lakini si ya kukufukuza.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu imekuwa ndefu, miaka thelathini na tisa. Barua yako haikunifundisha neno jipya. Nilijua.

Kule Kasongo, tukisali alasiri, jua lilikuwa upande wa mkono wetu wa kushoto. Nilikuwa na miaka kumi na saba Mwalimu Sudi aliponileta Itebero. Alisimama ukingoni, akatazama maji yanakokwenda, akachimba shimo la nguzo. Siku ileile tukasali alasiri, na jua likanichoma machoni. Nilisimama nyuma yake nikilia machozi ya jua, na nikajua kwamba kuna kosa. Sikuhitaji dira. Mtoto yeyote angejua.

Nilinyamaza. Nilijiambia: yeye ndiye mwalimu, ameona nisichokiona. Kesho yake nikasema nitamuuliza jioni. Ikaja jioni, akanipa kipande cha nyama kikubwa kuliko chake, nikashindwa. Mwezi ukapita, msikiti ukaezekwa. Nani amwambie mzee avunje ukuta alioukandika kwa mikono yake? Hiyo niliita adabu. Leo naiita kwa jina lake, ni woga.

Kisha akafa, nami nikawa mkubwa wa hapa. Sasa ningeweza kusema. Lakini nilikuwa nimemlaza kaburini kwa ubavu wa kulia, uso kuelekea mto, kama alivyotaka. Nikisema, nitakuwa nimesema kwamba Mwalimu Sudi amelala vibaya. Nikanyamaza. Akafa mtoto wa jirani, nikamlaza vilevile. Akafa mwingine. Akafa mama yake Faida. Kila kaburi lilinifunga kinywa zaidi, maana kila kaburi lilikuwa na mama au baba anayekuja kwangu na kuniuliza kama amezikwa vizuri, nami nilisema ndiyo. La kuvunda halina ubani, Munyakazi. Nimefukiza ubani miaka yote hiyo.

Ulipoandika kuhusu vile vijito vitatu, nilikuambia usichimbue. Nilikuogopa. Ulipoandika kuhusu mlima, nilikutuma urudi ukaulize. Sijui vizuri kwa nini nilikutuma. Nadhani nilichoka, nikataka mtu mwingine aseme.

Na wewe ukasema. Umeandika mara nne, umechoma tatu, lakini ukaleta ya nne. Mimi nilikuwa na mwalimu wangu hatua mbili mbele yangu, ningeweza kumgusa kanzu, na sikusema. Wewe ulikuwa na milima na misitu ya kukuficha, ungeweza kunyamaza nisijue kamwe, na umesema. Nimekaa na karatasi yako mikononi nikamwogopa Mungu kama sijawahi kumwogopa, kwamba ananijibu kupitia mtu niliyemfundisha alifu mwenyewe.

Na ule mduara wa chaki nimeusoma mara nyingi. Kumbe miaka yote watu wa dunia nzima walikuwa wakitazamana kuizunguka Nyumba, na mimi nimewageuza watu wangu nyuso, tukawa tumewapa ubavu wote hao.

Nitawaambia. Ninaogopa. Wataniuliza habari ya maiti wao, na sina pa kukimbilia. Serikali hainiruhusu kutoka hapa bila karatasi, wala sitaki kutoka. Nakuomba jambo moja. Muombe huyo fundi atuazime dira yake, uitume na mtu mwaminifu. Nikiwaambia kwa maneno tu watasema mzee amechoka. Waone wenyewe sindano ikirudi.

Feruzi bin Mulamba


Burungu, 1 Juni 1952

Mwalimu wangu, na dada Faida, naomba msomee pamoja,

Assalamu alaikum. Ramadhani njema.

Dira ni hii, ndani ya kopo, imefungwa kwa majani ya mgomba na kitambaa kilekile cheusi. Faustin ameapa kwa jina la mama yake kwamba hatalifungua. Fundi Masudi hakuiazima, ameitoa kabisa. Nilipomwambia inakwenda wapi, aliiweka kiganjani mwangu na kukikunja kiganja. "Mimi mlima wangu naujua," akasema. Iwekeni mahali tambarare, mbali na panga na majembe, maana chuma huichanganya akili. Sindano ikitulia, pindeni kutoka hapo kidogo mkono wa kuume. Kwa ukuta wenu wa sasa, ni robo ya duara na zaidi kidogo.

Mwalimu, nilisoma barua yako nikiwa nimekaa mlangoni, na nililia mbele ya mama. Aliniuliza ni nani amekufa. Sikujua kumficha, nikamweleza yote, mto, mlima na makaburi. Alikuwa akichambua maharagwe. Aliacha. Baadaye akasema: "Muntu muzima anakubali mbele ya batoto asema mimi nilikosa? Mimi sijaonaka. Hata padri sijaonaka." Halafu akaendelea kuchambua, na alipomaliza akatenga kikapu. Hayo maharagwe anayobeba Faustin ni yako ya kufuturu. Mama amesema usimshukuru, ule tu.

Nami nina neno langu. Ulisema una hofu kwamba watakuuliza. Wataniuliza na mimi siku moja, maana kila anayefundisha huulizwa. Nilidhani nimejifunza kwako kusoma. Sasa nimejifunza kinachosomwa.

Munyakazi Yusufu


Itebero, 15 Juni 1952

Munyakazi,

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Juzi ilikuwa Ijumaa. Nakuandikia kabla sijasahau hata kimoja, ingawa sidhani nitasahau.

Watu walijaa, kwa ajili ya Ramadhani na kwa ajili ya uvumi. Sikupanda kwenye mimbari. Nilikaa chini, nikasema yote kama nilivyokuandikia, na jua machoni, na nyama, na makaburi. Sikumlaumu Mwalimu Sudi, alikosa bila kujua. Nilisema pia wazi: "Mimi nilijua."

Mzee Kitwana, wa mstari wa mbele, aliyezika watoto watatu kwa mikono yangu, ndiye aliyesema kwanza. Aliuliza taratibu tu: "Mwalimu, batoto yangu iko naangalia wapi?"

Munyakazi, hilo ndilo swali nililolikimbia miaka thelathini na tisa. Nikamwambia: wanaangalia mahali nilipowageuzia mimi, na mimi ndiye nitakayeulizwa, si wewe wala wao. Lakini Mwenyezi Mungu amesema mashariki na magharibi ni zake, na popote mnapoelekea, huko uko uso wake. Mzee Kitwana akavua kofia. Akasema: "Basi Yeye iko nabaona." Akajifuta macho kwa kofia.

Ndipo nikaitoa dira. Niliiweka juu ya ubao wa mwanafunzi, na kwa kuwa macho yangu hayafai tena kwa vitu vidogo, nikamwita Faida aje mbele aisome. Kila mtu alikuja kuona, mmoja mmoja. Waliizungusha, ikarudi. Kuna mtu alizunguka msikiti mzima na ubao mkononi, akiushika sawasawa kama anayebeba maziwa, na aliporudi alikuwa akitetemeka kuliko sindano. Hakuna aliyesema nimechoka.

Kibla kimeangukia kwenye kona, karibu kabisa na mlango. Sasa anayechelewa atapita mbele ya imamu, na wavivu wote watajulikana. Tulicheka, ndiyo, tulicheka, tena wakati bado nyuso zimelowa. Wakavuta kamba kwenye sakafu, mistari ikakaa mshazari, mikeka ikakatana na kuta, na tukasali Ijumaa tukielekea Nyumba. Nilipoinama nilimkumbuka yule mtu wako wa upande wa pili. Nilimwomba radhi kwa kuchelewa.

Baada ya sala niliwaambia: ninyi hamkujua, na Mungu hamhukumu mtu kwa lisilo ndani ya elimu yake. Sala zenu anazijua. Mimi nilijua, kwa hiyo zangu nitazilipa, moja baada ya moja. Sitazimaliza, umri wangu hautoshi, lakini nitakutwa nikiwa njiani. Nendeni nyumbani mkapumzike, mmefunga.

Nikageuka, nikasimama peke yangu, nikanuia alasiri ya kwanza niliyosali Itebero. Nyuma yangu nilisikia miguu, nikajua wanatoka. Nilisali polepole, magoti hayana tena haraka. Nikakaa, nikashuhudia, nikageuza uso kulia kutoa salamu.

Begani kwangu alikuwa mzee Kitwana. Baada yake mtu, na baada yake mtu, mpaka ukutani. Nikageuza uso kushoto. Wanafunzi wote walikuwa mstarini, mbao zao zimelazwa mbele yao, na nyuma yao wanawake, na Faida kati yao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametoka.

Niliwaambia: nendeni, jamani, hii ni ya kwangu, ninyi hamna ya kulipa. Mzee Kitwana akajibu: "Tunajua, Mwalimu. Endelea tu."

Iliyofuata ya kulipa ilikuwa magharibi ya siku ileile ya kwanza. Nikainua mikono, na kulia, kushoto na nyuma yangu nikasikia wote wameinua.

Feruzi bin Mulamba